Siku Niliyomfungia Kariuki Ghalani

Haya nitayasema nikiwa nimekaa, kwa sababu nikiyasema nimesimama najijua, aibu itanipanda na nitaondoka katikati niwaache na maneno nusu. Mimi Wanjira mnayeniona kanisani na kitambaa changu cha bei, wajukuu wamenizunguka kama vifaranga, mimi ambaye kwa sherehe nakalishwa mbele na kupewa nyama laini kwa sababu ya meno (meno ni machache lakini ulimi uko wote), mimi huyo huyo nilisababisha watu wa Kangema wabebe vibuyu vyao vya pombe vikiwa vimejaa hadi shingoni, wavirudishe kwao kupitia Gakindu siku ya soko, watu wameacha kupima viazi wakitazama. Kama wewe ni kijana na hujui kibuyu cha posa kurudi kimejaa ni kitu gani, ngoja kidogo, nitakufikisha.

Kwetu ni pale juu ya Gakindu, mahali kahawa inashuka na mteremko mpaka mtoni. Tulizaliwa wanne na wa kwanza alikuwa Kariuki. Jina hilo lilikuwa la babu yetu aliyemzaa baba, maana kwetu kijana wa kwanza humzaa babu yake upya, na mwenye jina ndiye mwenyewe amerudi. Kwa hivyo baba hakuwahi kumwita Kariuki hata siku moja. Alimwita Baba. "Baba, kuja ukule." "Baba, jua limekuchoma, ingia kivulini." Mzee mzima mwenye mvi anamwita Baba kijana ambaye hajui kufunga vifungo vya shati, na hakuna mtu aliyecheka, kwa sababu hakuna cha kucheka hapo.

Siku hizi Muthoni, mjukuu wangu yule nesi, ameniambia hiyo hali inaitwa usonji, na vile alinieleza nilimwona Kariuki akitembea mbele yangu, hatua zake zile za kuinua visigino. Sisi hatukuwa na jina la kuiita. Kuna waliosema alishtuliwa na askari wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, lakini mama alisema alikuwa hivyo hata kabla askari hawajaijua njia ya kwetu. Kuna waliosema mama aliruka kitu cha mizimu akiwa mja mzito. Hao mama hakuwajibu, aliwaangalia tu mpaka wakakumbuka wameacha chungu motoni.

Kariuki hakukuangalia usoni. Aliangalia sikio lako, au mti ulio nyuma yako. Kila asubuhi alishuka njia mpaka mwanzo wa soko, akigusa kila nguzo ya ua kwa kiganja, halafu anarudi, na ukimkata katikati ya hiyo safari atalia kama mtu amefiwa. Githeri alikula baada ya kutenga maharagwe upande wake na mahindi upande wake. Na mahindi makavu, hayo ndiyo yalikuwa raha yake. Mpe kiondo cha mahindi apukuchue, atakaa kutwa, safu moja ikiisha ndipo aende nyingine, gunzi linabaki safi kama limeoshwa.

Lakini kilichotusumbua kilikuwa mdomo. Kariuki hakuongea maneno yake. Aliongea yako. Alikaa amekupa mgongo ukidhani yuko mbali, kumbe anayaweka, na siku akitaka yeye anayatoa na sauti yako yote, na kikohozi chako, na vile unavuta pumzi kabla ya kusema uongo. Siku moja kanisani, wakati wa sala ya kimya, alisema kwa sauti ya mzee wa kanisa mwenyewe, "Mwanamke, huu uji umempikia mbwa?" Mzee wa kanisa alikuwa amepiga magoti mbele. Aliyeanza kucheka ni mke wake.

Nilipokuwa msichana mdogo nilimpenda sana kwa hiyo tabia yake. Halafu nikawa msichana mkubwa. Halafu akaja Mwangi.

Mwangi alikuwa wa Kangema, alikuja upande wetu kupima kahawa kwenye kiwanda, na miaka ile ya baada ya Uhuru kijana mwenye kazi ya mizani, na baiskeli, na suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata, huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Wasichana walipeleka kahawa wakiwa wamejipaka mafuta mpaka magotini. Akanichagua mimi. (Msishangae, nilikuwa na miguu.) Tukaongea siku nyingi pale kwenye foleni, na akiniuliza habari ya nyumbani namweleza mama, namweleza baba, namweleza wadogo zangu wawili. Siku moja akauliza, "Kwa hivyo nyinyi mko watatu?" Nikasema ndiyo. Neno lenyewe lilitoka jepesi, kama kutema ganda la muwa. Na baada ya hapo sikumwacha afike kwetu, kila mara ni mvua, ni kazi, ni baba hayuko.

Mwishowe akaniambia wazazi wake watakuja na pombe. Na hapo nawaelezea nyinyi vijana. Mzee wa msichana haonji pombe ya posa hivi hivi. Msichana anaitwa mbele ya watu wote na baba yake anamuuliza, "Hawa wameleta pombe. Nikunywe?" Msichana akisema kunywa, mambo yamekubalika, kwa sababu hakuna msichana anaweza kumnywesha baba yake pombe ya bure. Pembe inajazwa, inazunguka, watu wanakuwa wamoja. Ndiyo maana kibuyu kinarudi kitupu. Kikirudi kimejaa, kila anayekiona njiani anajua kuna nyumba imeharibikiwa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo wanawake walijaa jikoni kwetu wakipika. Baba alikuwa nje na mbuzi. Tata Nyokabi, shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyekuwa anaongoza, na alikuwa na kicheko kile cha kupanda kama cha kuku akitoka kutaga. Akaniuliza, "Na huyo baba mkwe wako, Mzee Irungu, ni mtu wa namna gani? Ulisema ulimwona."

Nilikuwa nimemwona mara moja tu, soko la Karatina, Mwangi akinionyesha kwa mbali. Lakini nilitaka kuwachekesha. Nikasema, "Yule mzee? Shingo yake ni ya bata mzinga. Akimeza kitu unakiona kikishuka mpaka kinafika." Tata akacheka mpaka akashika mgongo.

Mama hakucheka. Alikuwa anakoroga uji. Akauliza, "Na Kariuki je? Kesho atakaa wapi?"

Mimi nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtu amechoka, mkubwa wa nyumba, "Kariuki msimtaje. Wakiuliza tuko wangapi, semeni watatu. Mtu kama huyo hahesabiwi."

"Baba yako hatakubali," mama akasema.

"Baba atanyamaza. Tata ndiye atatutaja."

Kariuki alikuwa pale pale kwenye kona, ametupa mgongo, gunzi mkononi. Nilidhani anasikiliza moto.

Asubuhi nikamchukua. Hata sikufikiria sana, ilikuwa kitu kidogo, kama vile unaondoa kuku kwenye kiti mgeni akikaribia. Ghala letu la mahindi lilikuwa nyuma ya nyumba, limeinuliwa juu ya vigingi, kuta za fito zilizosukwa, mlango mdogo wa kuinama. Alikuwa anaelekea njiani kwa safari yake ya nguzo, nikamshika kwa mkono wa shati (ngozi yake hakutaka iguswe), nikamgeuza. Alianza kile kilio chake cha chini kwa chini. Nikampa kiondo kimejaa mahindi, akakiona, akanyamaza, akaingia. Nikapitisha kijiti kwenye kitanzi cha mlango. Nilijiambia kutoka mbele ya nyumba hakuna atakayesikia kitu, na nikaenda kujipaka mafuta.

Sasa, ilikuwa wageni wakae mbele ya nyumba. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, mbele yote ikawa tope la kushika viatu, na watu wa Kangema wakaja wengi kuliko tulivyotarajia, pikapu imekwama huko chini kwenye barabara na wao wanapanda kwa miguu wakiimba, wanawake na mizigo mgongoni, vijana na vibuyu. Mimi niko jikoni. Wazee wa kwetu wakaona wasiaibike, wakabeba yale mabenchi ya kuazima kanisani wakayapeleka mahali pakavu. Na mahali pakavu palikuwa wapi? Nyuma. Chini ya ukingo wa paa la ghala.

Nilitoka na birika la chai nikamkuta Mzee Irungu amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye zile fito.

Nikamwangalia mama, mama akaangalia mbingu. Ningefanya nini? Kumtoa Kariuki mbele ya wageni haikuwezekana, kuwahamisha wageni haikuwezekana. Nikamimina chai. Na huko ndani ya ghala unasikia tu, tik, tik, tik, mahindi yakianguka kwenye kiondo.

Wakaanza kujuana, kama desturi. Mzee Irungu alijisemea mwenyewe (hakuwa mtu wa kukodi mdomo), akataja watu wake mmoja mmoja, wengine kwa mzaha. Halafu Tata Nyokabi akasimama kutaja sisi. "Huyu Wanjira mmekuja kumwona. Na hawa wawili ni wadogo zake. Hao ndio watoto wa nyumba hii." Baba alikuwa anaangalia ardhi katikati ya viatu vyake. Nilikuwa nimesema atanyamaza, na akanyamaza.

Mzee Irungu akageuza kichwa kidogo. "Na huyu anayenipukuchulia mahindi mgongoni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliniangalia mimi na birika langu, tena aliniangalia vizuri, si kwa ubaya. "Msichana, ni nani huyo?"

Nikasema, "Ni kijana wa mbuzi tu, mzee."

"Wa mbuzi."

"Ndiyo."

"Ana jina?"

"Bado sijalishika. Alikuja juzi."

Mnaona? Jambo lilianza na kijiti kwenye kitanzi, sasa ndugu yangu wa kwanza amekuwa mtu wa mbuzi, na ni mgeni, na hana jina. Na mbele ya nani? Mbele ya baba. Aliinua uso akaniangalia mara moja, kisha akarudisha macho chini. Mwangi naye alikuwa amekaa kando ya baba yake, na nikaona amefumba macho kama mtu anayeumwa na jino. Sikuelewa. Nilidhani ni jua.

Ukaletwa uji. Mzee Irungu akapewa kibuyu kikubwa cha heshima, akakiinua kwa mikono miwili, akavuta. Na huko ndani tik tik ikasimama.

Kwanza kikatoka kicheko cha Tata Nyokabi, kile cha kupanda. Wageni wote wakamgeukia Tata. Tata amekaa hapo mbele yao, mdomo umefungwa kabisa, macho yamemtoka. Halafu nikajisikia mimi, sauti yangu mwenyewe, na ile njia yangu ya kuvuta neno la mwisho, inatoka kwenye fito juu kidogo ya bega la baba mkwe wangu:

"Yule mzee? Shingo yake ni ya bata mzinga. Akimeza kitu unakiona kikishuka mpaka kinafika."

Mzee Irungu alikuwa na uji mdomoni. Angefanyaje? Alimeza. Na watu wote, Mungu atusamehe, wa kwao na wa kwetu, tuliangalia ile shingo.

Akateremsha kibuyu polepole. Akapangusa mdomo. Akasema, "Umefika."

Hapo watu walivunjika mbavu. Wanawake wa Kangema walicheka mpaka wakalalia mabega ya wanawake wa kwetu, mzee mmoja akamwagikiwa na chai, na nikaanza kupumua, nikajiambia, afadhali, nitachekwa maisha yangu yote lakini nimeolewa. Kama Kariuki angeishia hapo ningewasimulia hii hadithi kila Krismasi kwa raha zangu.

Watu wakiwa bado wanapangusa machozi, ikatoka sauti ya mama. "Na Kariuki je? Kesho atakaa wapi?"

Na yangu ikaifuata. Nataka mjue aliiweka vizuri, hakupunguza hata ule uchovu wangu wa kujitia mkubwa. "Kariuki msimtaje. Wakiuliza tuko wangapi, semeni watatu. Mtu kama huyo hahesabiwi."

Halafu tik. Tik. Tik. Amerudi kwa kazi yake.

Baba akasimama. Alitembea mpaka kwenye ghala, akatoa kijiti, akakiangalia kile kijiti mkononi kama mtu ameokota kitu asichokijua, akakitupa. Akainama mlangoni.

"Baba," akasema, "toka."

"Baba, toka," Kariuki akajibu kwa sauti ya baba, na akatoka, mkono mmoja umebeba kiondo, makapi ya mahindi yamejaa kwenye nywele, shati limefungwa vifungo vya kukosana. Na suruali yake ilikuwa imeloa. Nilikuwa nimemfungia tangu asubuhi, na katika kujipaka mafuta na kumimina chai sikukumbuka kwamba mtu aliyefungiwa ni mtu. Mwanaume mkubwa kuliko mimi, mbele ya wageni wale wote. Mama akafungua leso yake kiunoni, akaenda akamfunga nayo, taratibu, bila kumgusa ngozi, na hakuniangalia.

Baba akageuka kwangu. Wakati huo ndio alikuwa aniite aniulize ile ya pombe. Hakuuliza ya pombe. Akasema, "Wanjira. Huyu ni nani?"

Kariuki naye, anaangalia matawi ya muringa, akasema kwa sauti ile ile, "Wanjira. Huyu ni nani?"

Nimeulizwa mara mbili kwa sauti moja. Jibu nilikuwa nalo, ni jina tu, ni kusema huyu ni Kariuki, ndugu yangu, huyu ni babu yangu. Hata ningelia nikalisema kwa kamasi lingesikika. Watu wote waliningoja, na nadhani wengi wao walinitakia mema. Lakini mimi nilimwangalia Mwangi, nikaangalia ule mstari wa suruali yake, nikaangalia leso ya mama vile inaanza kulowa, na mdomo ukakataa. Nilisimama hapo na birika kama mti. Chai ikanimwagikia mguuni na sikuondoa mguu.

Baba alingoja muda wa kutosha. Kisha akakaa. "Pombe hii," akamwambia Mzee Irungu, "siwezi kuiuliza."

Wageni wakaenda katikati ya kahawa kushauriana, ndivyo ifanywavyo. Walipotoka, Mzee Irungu hakukaa. Aliongea na baba, lakini ni mimi nilikuwa nasemwa. "Ndugu yangu, shingo ni yangu, naijua. Hata mama ya Mwangi aliicheka kabla sijamwoa, na bado anaicheka. Hilo si kitu. Lakini tulikuja kuomba mtu, na huyo mtu tumemsikia akimwita baba yako kijana wa mbuzi. Akifika kwetu, sisi atatuita nani?"

Baba akasema, "Umesema ukweli."

Kisha mzee akafungua mfuko akatoa blanketi, nzuri, nene, nyekundu yenye mistari, akaiweka kwenye benchi kando ya Kariuki. "Hii ilikuwa ya mwenye jina," akasema. "Yeye hana makosa." Na akawaashiria vijana wake wabebe vibuyu.

Mwangi alinipita karibu. Aliongea chini chini, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Wanjira, mimi nakutana naye kwa hiyo njia kila asubuhi nikienda kazini. Namsalimia. Ile siku ulisema mko watatu nilijua ni uongo, na nikamwambia mzee, na mzee akasema tuje tu, utamtaja mwenyewe ukiwa tayari. Ndiyo maana alikuuliza."

Alikuwa ameniuliza vizuri hivyo, na nikamjibu ati sijalishika jina.

Wakashuka. Kwa sababu pikapu ilikuwa imekwama, walipitisha vibuyu kwa miguu katikati ya soko la Gakindu, na vile vibuyu vikijaa vinabubujika mdomoni, vinanukia, hata kipofu angejua vimejaa. Mpaka leo kuna mwanamke wa rika langu huko ambaye tukikutana ananiuliza, "Na uji, ulifika?" Nacheka. Huwezi kukasirika miaka hii yote.

Baba hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru.

Mwaka haukuisha kabla sijapata mwingine, Gichuki, seremala wa Mukurweini, mtu mzuri ambaye nimemzika na kumlilia kama inavyotakiwa, na watoto wetu mnawajua, sina haja ya kujisifu (ingawa nikijisifu nani atanikataza). Watu wake walipokuja na pombe nilikuwa nimejipanga. Nilipangusa kiti, kiti chenye mgongo, nikakiweka mbele kabisa kati ya baba na mama, nikanunua shati jipya nikalifua mara nyingi lizoee ngozi. Nilikuwa nimerudia maneno usiku kucha: huyu ni Kariuki, wa kwanza wetu, huyu ni babu yangu. Wageni wakasikika wakiimba huko chini. Nikageuka kumleta Kariuki akae.

Hakuweko. Nikazunguka nyuma. Mlango wa ghala ulikuwa umevutwa kutoka ndani, na unasikia, tik, tik.

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amesikia wageni, akachukua kiondo chake, akajipeleka. Nilimbembeleza, nikamvuta kwa shati, alilia kile kilio mpaka baba akaniambia mwache. Nikarudi mbele, nikawaonyesha wageni kiti kitupu nikasema ni cha nani, na baba akaniuliza kama anywe nikasema kunywa, na akanywa, na mimi ndani nilikuwa kama jivu.

Ikawa hivyo tangu siku hiyo. Padri akija, Kariuki ghalani. Watu wa maziwa wakija, ghalani. Kitu nilichomfundisha kwa asubuhi moja, na sikujua namfundisha, hakikutoka. Mama alijaribu, baba alijaribu, mimi nilijaribu kwa kila njia, hata nilimwambia baba tubomoe hilo ghala, akaniuliza, "Tukibomoa aende wapi?"

Halafu nikazaa, na mtoto alipoweza kubebwa safari tukaja kwetu kumwonyesha, mimi na Gichuki, na kapu la unga na nguo nzuri. Kariuki alikuwa langoni. Aliangalia kapu. Aliangalia viatu vya Gichuki. Aliangalia sikio langu. Kisha akageuka, akachukua kiondo chake, akaenda. Nilimpa mama mtoto nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu mgeni aliyemfukuza langoni safari hii ni mimi.

Kutoka hapo, kila nikifika kwetu sikuanza nyumbani. Nilimwachia Gichuki mizigo na salamu zote, nikazunguka nyuma, nikainama, nikaingia. Mwanzo alinipa mgongo. Baadaye alikuwa ananisukumia mahindi machache kwa mguu, yangu, nami napukuchua, safu kwa safu, nikikosea safu ananinyang'anya. Vumbi linakuingia puani. Wageni wengine wakiuliza mama, "Wanjira yuko wapi, si mlisema amekuja?" mama alisema, "Yuko na ndugu yake." Sikuwahi kumtoa mle ndani. Alikufa kabla ya mama, homa ya mapafu, na tulimzika na ile blanketi.

Basi nyinyi mnaosema huyu nyanya, Cucu Wanjira, ni mkali akiwa na wageni, sasa mnajua. Muthoni ana kijana, mwenye hali ile ile, na siku mtakayokuja kwangu mtamkuta amelala katikati ya mlango akizungusha kifuniko cha sufuria. Kuna mjomba wa huyo kijana, ndugu ya Muthoni, alikuja na watu wa posa mwezi uliopita akaniambia, "Cucu, tumpeleke chumba cha nyuma kidogo, wageni wapite." Nilimwambia wageni wako na miguu, wamruke. Wakamruka, wakubwa kwa wadogo, na suti zao, mmoja akakaribia kuanguka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo ndani nikimtajia kila anayevuka: huyo mliyemruka ni Ndung'u, ni wa kwanza wa Muthoni. Nilisema mpaka wakachoka kunisikia. Nitasema tena wakirudi.